Kutoka Kipande hadi Maisha Namba: Faragha, Sitara na Lugha ya Ridhaa Nchini Kenya

Utangulizi

Mtu anayeingia katika jengo la ofisi mjini Kakamega, kama ilivyo katika miji mingine mingi ya Kenya, aghalabu hukutana kwanza na askari wa lango na daftari lake. Huandika jina lake, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia na jina la anayemwendea. Pengine kitambulisho chenyewe hubaki mezani hadi atakapotoka. Akienda kwa wakala wa M-Pesa kutoa pesa, nambari ile ile huhitajika. Akisajili laini ya simu, huhitajika. Mwanafunzi akiomba mkopo wa HELB, huhitajika. Ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza daftari la langoni likijaa hupelekwa wapi, husomwa na nani, au huchomwa lini.

Swali hilo dogo la daftari ndilo swali kubwa lililoizingira Huduma Namba tangu mwaka 2019 na Maisha Namba tangu mwaka 2023, ila daftari la serikali halijai wala halichakai. Wanasheria wamelijadili kwa kina na mahakama zimelitolea hukumu kadhaa. Katika taaluma ya Kiswahili, hata hivyo, halijapata nafasi linayostahili, na hali hiyo inashangaza. Majina ya mifumo hii ni ya Kiswahili au yana Kiswahili ndani yake. Masharti yanayomlinda mwananchi dhidi ya mifumo hiyo hiyo, kwa upande mwingine, yametungwa kwa Kiingereza. Makala haya yanashikilia kwamba pengo hilo si la tafsiri tu. Sheria inadai ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa, na mtu hawezi kuridhia jambo ambalo halijapewa jina katika lugha anayoielewa.

Kipande na kizima chake

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka 1919 na 1920. Ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 kubeba cheti kilichotajwa humo jina lake, kabila lake, wilaya yake, alama za vidole vyake, mwajiri wake, tarehe za kuanza na kuacha kazi na mshahara aliolipwa. Cheti kilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Aliyeacha kazi bila mwajiri kumtilia saini hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na aliyetoroka angesakwa, akamatwe na kushtakiwa.

Watu walikiita cheti hicho kipande. Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika mahali pengine katika Afrika Mashariki kwa maana ya kadi ya kazi. Huko Usambara, chini ya Wajerumani, kadi ya siku 30 za kazi ilikuwa chombo cha kuwapatia walowezi vibarua. Katika sarufi, neno halina utata: kitu kilichokatwa kutoka katika kitu kikubwa zaidi. Swali ambalo halikuulizwa mara nyingi ni hili: kipande cha nini? Jibu lilikuwa Nairobi. Alama za vidole na maelezo ya kila aliyesajiliwa yalihifadhiwa huko katika ofisi ya msajili mkuu, na kilichoning'inia shingoni kilikuwa sehemu tu ya kumbukumbu ambayo mwenye shingo hakuwahi kuiona. Huenda waliolitumia neno hili hawakulikusudia hivyo. Hata hivyo, ni vigumu kupata neno linaloeleza kwa usahihi zaidi uhusiano kati ya kadi iliyo mfukoni na hifadhidata iliyo mbali.

Upinzani ulianza mapema. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na wenzake, na kukamatwa kwake mwezi Machi 1922 kulisababisha maandamano ambayo polisi waliyakabili kwa risasi jijini Nairobi. Katika Nyanza ya wakati huo, mkutano wa Lundha wa Desemba 1921 uliozaa vuguvugu la Piny Owacho nao ulidai kipande kiondolewe. Baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega mwaka 1931, vibarua waliomiminika katika migodi kama ule wa Rosterman walifanya kazi chini ya sheria hiyo hiyo. Mnamo mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya iliyokusudiwa kuwasajili watu wa rangi zote, na hapo ndipo walowezi wengi wa Kizungu walipolalamika kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha. Hoja yao ilikuwa sahihi. Kasoro yake ni kwamba ilichelewa kwa takribani miaka 30, ikasubiri hadi vidole vilipokuwa vyao.

Ni mwaka 1978 tu ambapo sheria ya usajili, wakati huo ikiwa ya Kenya huru, ilirekebishwa ili wanawake nao wapewe vitambulisho. Hadi leo wazee wengi, na hata vijana, wakitaja kitambulisho cha taifa husema "kipande". Neno limedumu kuliko sheria iliyolizaa.

Kitambulisho, huduma, maisha

Neno rasmi, kitambulisho, lina mantiki tofauti kabisa. Kitenzi tambua kinapotiwa katika kauli ya kutendesha hupatikana tambulisha, yaani kumfanya mtu atambue. Kiambishi ki- cha kifaa na kiishio -o hutupa nomino. Kimofolojia, basi, kitambulisho ni kifaa ambacho mwenyewe hukitoa ili wengine wamtambue. Mtendaji ni yeye. Asipokitoa mfukoni hakuna kinachotendeka. Yamkini hilo ndilo jina lenye heshima kubwa zaidi kati ya yote ambayo dola ya Kenya imewahi kuipa kadi hii, na ndilo lililopitwa na teknolojia kwa haraka zaidi, kwa kuwa mashine inayosoma uso au kidole haisubiri mtu ajitambulishe.

Tukio la Juni 2021 lilidhihirisha jinsi kitambulisho kilivyoponyoka mkononi mwa mwenyewe. Wakenya wengi waliokagua hali zao kupitia mtandao wa serikali waligundua kwamba walikuwa wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yalifurika katika Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa na ile ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kujiandikisha kulihitaji maelezo ya kitambulisho, na maelezo hayo yameandikwa katika daftari nyingi mno. Mtu mwingine alikuwa amewatambulisha bila wao kuwapo.

Jina la Huduma Namba lilikuja na marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliyoanza kutumika Januari 2019 na kuunda mfumo jumuishi wa usajili wa watu. Jina hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Huduma, neno lenye asili ya Kiarabu, humweka mpokeaji juu na mtoaji chini: mhudumu humtumikia mhudumiwa. Kwa kuuita usajili huduma, serikali ilijionyesha kuwa mtumishi na mwananchi kuwa bwana. Lakini fomu yenyewe ilimtaka bwana huyo aeleze habari za wazazi wake, ndoa yake, elimu yake, ajira yake na hata kilimo chake, kisha atoe alama za vidole na picha ya uso. Sheria ilikwenda mbali zaidi, ikaruhusu kuchukuliwa kwa DNA na mahali hasa anapoishi mtu kwa kutumia setilaiti. Namna hiyo ya mtumishi kumhoji bwana haijulikani sana katika fasihi yetu, isipokuwa katika hadithi ambazo mtumishi anapanga njama.

Maisha Namba, ambayo majaribio yake yalianza Novemba 2023, imepiga hatua nyingine. Kwa mujibu wa maelezo ya serikali, nambari hutolewa mtoto anapozaliwa, humfuata shuleni, huwa nambari ya kitambulisho chake atakapotimiza miaka 18, na hutumika hata katika cheti cha kifo chake. Jina, kwa hivyo, halidanganyi: ni nambari ya maisha. Ikilinganishwa na kipande, mkondo wa majina haya ni wa kupanuka kila mara. Mwanzoni paliitwa sehemu, kisha kifaa, kisha tendo jema, na sasa uhai wote. Kila jina ni laini zaidi kuliko lililotangulia, na kila jina linabeba zaidi.

Jambo hili si la Kenya pekee. Nchini Tanzania, nambari inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ambayo watu huiita tu "namba ya NIDA", ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeiandika daftarini ameshataja umri wake kabla hajaulizwa.

Yaliyoamuliwa mahakamani

Jukwaa la Haki za Wanubi, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu walifika Mahakama Kuu mapema mwaka 2019. Wanubi walikuwa na sababu yao mahususi: kwa miaka mingi vijana wao wamelazimika kupitia kamati za uhakiki kabla ya kupata kitambulisho, na mfumo unaojengwa juu ya vitambulisho humfungia nje tangu mwanzo asiyekuwa nacho. Aprili 1, 2019 mahakama iliruhusu usajili uendelee, lakini ikaizuia serikali kuufanya wa lazima, kuuwekea muda wa mwisho, au kuchukua DNA na mahali anapoishi mtu. Watu wapatao milioni 37 walikuwa wamesajiliwa kufikia mwisho wa Mei mwaka huo. Mistari mirefu iliyoonekana siku za mwisho inatosha kuonyesha kwamba agizo la kutolazimisha halikuwafikia wengi, au lilifika katika lugha isiyokuwa yao.

Hukumu ya Januari 30, 2020 ilitangaza kwamba kuchukua DNA na mahali anapoishi mtu kunakiuka haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010. Sehemu nyingine za mfumo ziliruhusiwa kwa sharti kwamba kanuni za kutosha ziwekwe kwanza. Wakati huo Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imeanza kutumika kwa miezi miwili tu, tangu Novemba 25, 2019, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mwezi huo huo kadi za Huduma zikaanza kutolewa. Oktoba 14, 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji huo haukuwa halali kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari za mfumo kwa faragha ya watu, kama sheria inavyodai. Maisha Namba nayo ilisimamishwa na mahakama Desemba 2023, ikaruhusiwa tena Februari 2024, ikasimamishwa Julai na kuruhusiwa Agosti mwaka huo huo.

Siri, faragha na sitara

Mabishano yote hayo yalihusu kitu ambacho Katiba katika Kiswahili hukiita faragha. Neno hilo lina asili katika Kiarabu, ambako shina lake hubeba maana ya utupu na nafasi. Katika Kiswahili, faragha ni kwanza mahali: watu huenda faragha, huzungumza faragha, humwita mtu faragha. Ni hali ya kujitenga na macho ya wengine. Kwa nyumba, mwili na mazungumzo, neno hili halina upungufu, na Kifungu cha 31 kinaanza na mambo hayo hasa: upekuzi wa mtu, nyumba na mali yake.

Tatizo hujitokeza katika data. Aliyesajiliwa hajajitenga na yeyote. Ameshakwenda mwenyewe, amekaa kitini, amebonyeza vidole. Siri nayo haifai. Siri ni jambo lililofichwa, na nambari ya kitambulisho iliyoandikwa katika malango kumi haijafichwa. Ndiyo maana hoja ya "asiye na la kuficha haogopi" huwashinda watu wengi kwa urahisi: inachukulia kwamba faragha na siri ni kitu kimoja.

Lugha ina neno la tatu. Sitara, au stara kama wengi wanavyotamka, hutokana na kitenzi sitiri: kufunika, kuhifadhi heshima. Nguo humsitiri mtu, nyumba humsitiri, jirani mwema humsitiri mwenzake aliyepatwa na aibu. Tofauti ya msingi iko katika mtendaji. Siri huwekwa na mwenyewe kwa kutosema. Faragha huipata mwenyewe kwa kujitenga. Lakini sitara huweza kutolewa na mwingine, tena na yule anayejua. Asiyejua hana la kusitiri. Mkunga, muosha maiti, daktari na kadhi wanajua, na kwa sababu wanajua wana wajibu.

Huo ndio wajibu hasa ambao Sheria ya mwaka 2019 inamwekea mwenye kuhifadhi data: asikusanye zaidi ya anachohitaji, asitumie kwa lengo jingine, asiwape wengine ovyo, asikae nayo milele. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hiyo hufundishwa shuleni kama onyo kwamba wa karibu hujua ya ndani. Ikisomwa kwa jicho la mfumo wa kitambulisho, inazua suala ambalo methali yenyewe haikulijibu: kata nayo inawajibika kwa nani? Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitoza faini mkopeshaji wa mtandaoni, kilabu cha starehe na shule, hii ya mwisho shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hakuna katika makosa hayo lililohusu siri. Picha ya mtoto si siri. Kilichovunjwa ni sitara.

Makala haya hayapendekezi neno faragha liondolewe. Limeshazoeleka na limo katika Katiba. Yanachopendekeza ni kwamba wajibu wa mtunza data ufafanuliwe kwa kitenzi sitiri, kwa kuwa mtu asiyesoma sheria hahitaji kuelezwa maana yake. Wapo watakaosema neno hilo lina harufu ya dini na ya pwani mno kwa matumizi ya ofisi. Harufu ya pwani imo pia katika sheria, hakimu, wakili na katiba, na hakuna anayelalamika.

Mhusika na ridhaa

Mtu ambaye data ni zake huitwa na baadhi ya wafasiri "mhusika wa data". Kwa mwanafunzi wa fasihi, istilahi hii inachekesha na kuogofya kwa wakati mmoja. Mhusika katika riwaya hana sauti juu ya kinachoandikwa kumhusu. Mwandishi humjenga, humhamisha na humuua apendavyo. Sheria inakusudia kinyume: inampa mtu haki ya kuona yaliyoandikwa, kuyasahihisha, kuyapinga na kutaka yafutwe. "Mwenye data" lingefaa zaidi, hata kama wanasheria watabisha kuhusu umiliki. Tanzania, ambayo mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake, ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Wakenya wangeweza kuanzia hapo badala ya kubuni upya kila kitu, japo neno taarifa kwa Mkenya humkumbusha zaidi habari za saa moja jioni.

Ridhaa yenyewe ina mpinzani wake, idhini. Idhini hushuka kutoka juu: mwalimu humpa mwanafunzi, chifu huupa mkutano. Ridhaa, ndugu wa radhi na kuridhika, hutoka moyoni. Kulitumia neno idhini kungemweka mwananchi mahali pa mkubwa, jambo linalovutia. Lakini kidole hubonyezwa hata pale moyo haujaridhika, na sheria inajali moyo. Inataka ridhaa iliyo wazi, isiyo na shaka, huru, mahususi, ya mtu aliyefahamishwa. Katika ndoa za Kiislamu kimya cha mwanamwali kimezoeleka kuhesabiwa ridhaa. Sheria ya mwaka 2019 haihesabu kimya, wala haihesabu mistari ya watu.

Kesi ya Worldcoin ilikuwa mtihani wake. Mwaka 2023 maelfu ya watu walifika katika jumba la KICC jijini Nairobi na kukubali mboni za macho yao zipigwe picha, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takribani shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2 mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zilizokusanywa zifutwe, ikaona kwamba ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa halali. Usajili wa taifa hautoi pesa, lakini anayeambiwa kwamba bila nambari hatapata huduma ameelekezwa na kishawishi kilicho kizito kuliko shilingi 7,000.

Katika kaunti ya Kakamega suala lina tabaka moja zaidi. Mkulima wa Ikolomani au Shinyalu husikia tangazo la chifu barazani kwa Kiswahili au kwa lahaja yake ya Kiluhya, Lwidakho au Lwisukha, na fomu humkuta kwa Kiingereza. Karatasi moja ya Kiswahili rahisi ingetosha kumweleza nani anachukua habari zake, kwa kazi gani, atakaa nazo kwa muda gani, na aende wapi akitaka zifutwe. Kitenzi cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote. Kila mtoto wa shule anajua kufuta ubao: ukipanguswa hakuna kinachosalia. Data zilizofutwa katika mashine moja huweza kuwa bado zimo katika nakala nyingine tatu, na serikali inaposema imefuta, msikilizaji huona ubao mtupu. Pengine Kiswahili kinahitaji maneno mawili, kufuta kwa kile kisichoonekana tena na kuteketeza kwa kile kisichokuwapo tena, na fomu iseme wazi ni lipi kati ya hayo linaloahidiwa.